Bao Lisilo na Nyumba

Mtu aishiye kwa kutafsiri huletewa maswali ya wenziwe, huyavusha kwa ujira mdogo kutoka lugha moja hadi nyingine, kisha huyasahau. Mwaka jana nililetewa moja lililokataa kusahaulika. Lilikuwamo katika makala ya Kimarekani kuhusu mashine za mchezo uitwao pinboli, nalo liliuliza: je, mashine hizi zikitengenezwa kwa bei nafuu ili ziwekwe nyumbani, zitawavutia baba, mama na watoto, au zitanunuliwa na wale wale waliokwisha kuupenda mchezo tangu zamani?

Sikuwa na neno la Kiswahili la pinboli, na hata sasa sina. Msomaji ambaye hajaiona na aifikirie meza iliyoinamishwa kidogo na kufunikwa kioo. Mchezaji hurusha gololi ya chuma hadi upande wa juu, nayo huteremka ikigonga vigingi na kengele na kuwasha taa. Silaha yake ni vibawa viwili tu vya kuirudisha juu kabla haijatumbukia shimoni. Hata vibawa hivyo havikuwapo tangu mwanzo. Vililetwa mwaka 1947, na kabla ya hapo mtu alikuwa akirusha na kumwomba Mungu. Ndiyo sababu wakuu wa mji wa New York waliuhesabu mchezo huo kuwa kamari, wakaupiga marufuku mwaka 1942, na meya wao, La Guardia, akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1976. Ni mchezo, basi, uliolelewa mabaani na kwenye kumbi za watu wazima, ambao sasa wafanyabiashara wanautafutia mlango wa kuingilia sebuleni.

Nilipofika penye bei nilicheka peke yangu. Mashine kamili mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 6,000 za Marekani. Ile ya nyumbani, iliyopunguzwa vikorokoro, hushuka hadi dola 4,000 na ushei, na hiyo ndiyo inayoitwa rahisi. Kwetu Muleba mtu mwenye subira hujenga na kuezeka kwa fedha hizo. Nikamaliza kazi, nikalipwa, nikaifunga. Lakini swali likabaki limeniganda, kwa kuwa nililijua tangu utotoni kwa jina jingine. Sisi nasi tunao mchezo uliolelewa barazani mwa wanaume. Nimepata kuishi na chombo chake cha thamani, na juzijuzi nimenunua cha rahisi. Na baina ya vyombo hivyo viwili limo jambo ambalo sijapata kuliandika.

Baba yangu alikuwa na bao. Nyumba yetu ilikuwa Kamachumu, juu ya uwanda ule unaopandwa kutoka Muhutwe, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hukaa migombani mpaka jua lipate nguvu za kuufukuza. Bao lenyewe lilichongwa katika gogo moja la mti mgumu mwekundu ambao jina lake sikulipata. Lilihitaji vijana wawili kulibeba. Mashimo yake 32 yalikuwa yamelainishwa na vidole vya watu hata yaking'aa kwa ndani kama vikombe. Baba alilirithi kwa babu, na babu, kwa mapokeo ya nyumbani, alilitolea mbuzi wawili. Mimi nilizaliwa nikalikuta, na jambo la kwanza nililofundishwa juu yake ni kutoligusa.

Mchana lilikaa ndani, pembeni mwa ukumbi, limefunikwa kigora cha mkeka. Jioni lilitolewa chini ya mparachichi, na wazee wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akitanguliza salamu ndefu za kwetu zisizokubali haraka. Palikuwa na kibuyu cha lubisi, na kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Walicheza kwa namna inayokaribiana na ile ya majirani zetu Waganda: hakuna kete za kubaki mkononi, bali kila mmoja huzipanga zake 32 upande wake kama apendavyo kabla ya vita kuanza. Mpango wa baba niliujua kwa macho kama nilivyoujua mwandiko wake. Alirundika nyingi kwenye pembe ya kushoto, akaacha mashimo mawili matupu katikati ya safu ya nyuma, na wageni wakamcheka kwa mashimo yale mpaka walipoliwa.

Sisi watoto wa kiume tulisimama nyuma ya viti na kunyamaza. Wasichana hawakusimama. Dada yangu, anayenizidi miaka sita, alileta lubisi, akapiga goti, akapokea kibuyu kitupu, akarudi jikoni. Mama hakupata hata siku moja kukaa mbele ya bao lile, na ilikuwa mwiko kwa mwanamke kuliruka au kulikalia. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu, bila kuacha kumenya ndizi, kwamba bao ni la watu wenye nafasi.

Nyuma ya jiko tulijichimbia mashimo yetu ardhini, tukacheza kwa kokoto. Mvua iliyafuta kila wiki nasi tukayachimba tena. Nalitaja hili kwa sababu watu wa biashara husema mchezo huanzia kwenye chombo. Sisi tulianza bila chombo, na chombo kilipokuwapo tulikatazwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya Mto Kagera, na ndege zake zikatupa mabomu Bukoba. Nyumba yetu ikajaa jamaa waliokimbia kutoka pande za Kyaka na Missenyi. Nilikuwa na miaka tisa. Wanaume wale hawakuwa na migomba ya kupalilia wala ng'ombe wa kuchunga, na walicheza bao la baba kutwa kucha, kimya, bila yale majigambo ambayo ndiyo chumvi ya mchezo. Nilidhani wanapumzika. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko waliokuwa nao wengi wao, naona walikuwa wakishika kitu kisichotikisika. Wanawake hawakuwa na kitu cha namna hiyo cha kushika. Walikuwa na vyungu. Dada yangu, kigoli wa miaka kumi na mitano, alipika kwa ajili ya watu ishirini na watatu, na katika majuma yale hakuna aliyemwuliza kama amelala.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Yaliyofuata yameelezwa na wengi, nami sina haja ya kuyaeleza upya. Nitasema tu lile lililoonekana chini ya mparachichi. Viti vilipungua. Kwanza walikosekana vijana wa mjini waliokuja sikukuu. Kisha kaka yetu mkubwa. Kisha wazee wenyewe, si kwa maradhi bali kwa sababu walikuwa kwenye matanga ya watoto wao au walikuwa wamelemewa na wajukuu. Ikafika jioni ambazo baba alitoa bao, akazipanga kete za pande zote mbili, akaketi, akacheza na mkono wake mwenyewe. Alifariki mwaka 1994. Dada, aliyekuwa ameolewa Nshamba, ndiye aliyerudi kumuuguza miezi saba. Mimi nilikuwa Bukoba mjini nikijifunza ushairi kwa kuazima vitabu.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kupita haraka. Sikusoma shule zaidi ya darasa la saba. Kila nilichonacho katika lugha nilikiokota. Mwaka 1999 nilipata ahadi ya kazi ya kutafsiri, nami sikuwa na kamusi iliyo kamili wala taipureta. Alikuwapo mfanyabiashara aliyezunguka vijijini akinunua vitu vya kale, vigoda, ngoma, mikuki, kwa ajili ya maduka ya watalii. Nikapanda Kamachumu siku ya Jumanne, siku ambayo dada hakuwapo, nikalitoa bao kutoka pembeni mwa ukumbi ambapo kuku walikuwa wamelifanya kiota. Alinipa shilingi 40,000. Nilinunua kamusi mpya na taipureta iliyotumika, na kwa vitu hivyo viwili nimelisha wanangu.

Dada alipokuja mwisho wa mwezi alikuta alama ya mraba mrefu juu ya sakafu, mahali ambapo udongo ulikuwa na rangi nyingine. Hakupiga kelele. Alisimama palepale na kuniuliza, "Umeliuza na watu wake?" Sikumjibu. Hatukuliongelea tena kwa miaka zaidi ya ishirini, na wale wanaodhani kimya cha ndugu huisha chenyewe hawana ndugu wa kwetu.

Wasomaji wa Visiwani watanivumilia nikiwatembelea kidogo, kwa maana kipande kimoja cha kisa hiki kilitokea kwao. Mwaka 2007 nilikuja Unguja kwa mambo ya lugha, na jioni ya kwanza wenyeji wakanipeleka barazani. Nilidhani naujua mchezo. Nilipoliona bao la Kiswahili nilijiona mtoto. Nililikuta lina shimo la mraba kila upande, na nikaambiwa hiyo ndiyo nyumba. Kwamba mchezaji huweka kete sita humo na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuumeni, na 22 hubaki mkononi, zikinamuliwa moja moja mpaka ziishe ndipo mtaji uanze. Niliambiwa pia yale ambayo kila mtu hapo huyajua: kwamba Mzee Karume alikuwa akicheza bao pale Kisiwandui jioni ya Aprili 7, 1972, alipopigwa risasi, kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitia bao katika tungo zake zaidi ya karne moja kabla yake. Mdachi Alex de Voogt alikuja huku kuzipima akili za mafundi wa bao, akatoa kitabu mwaka 1995. Mchezo una fahari. Na fahari hiyo yote niliiona imekaa nje ya mlango, upande wa barabara.

Siku ya tatu nilialikwa chakula. Nikipita uani kwenda kunawa, nilimwona bibi wa nyumba ameketi juu ya jamvi na mjukuu wa kike, baina yao ubao mwembamba wenye mashimo yaliyotobolewa ovyo, hauna miguu wala nakshi. Kila shimo lilikuwa na kete mbili, basi. Hakuna nyumba wala namua. Nilisimama bila adabu. Bibi akacheka, akasema, "Hili la kujifunza, mwanangu. Lile kubwa la kina baba. Hili la sie wa uani." Nikamwambia habari za kwetu, na nilipoaga akanipa komwe 64 ndani ya mfuko wa kanga, zile mbegu za kijivu zinazookotwa pwani, laini kama zimetiwa mafuta. Nilizihifadhi katika kopo la maziwa zaidi ya miaka kumi na mitano bila ya bao la kuzitilia.

Ndizo nilizozikumbuka nilipomaliza makala ya pinboli. Nikasema: kama swali ni iwapo kilicho rahisi huingia nyumbani, sina haja ya kwenda Marekani kupata jibu.

Nilianzia soko la Bukoba. Mama mmoja mwenye kibanda cha vitu vya shule na michezo ya watoto alinionyesha alichonacho: ludo ya karatasi ngumu yenye nyoka na ngazi mgongoni, shilingi 3,000; karata; ubao wa drafti, ambao aliuuza bila kete kwa kuwa watu hutumia vifuniko vya soda. Bao hakuwa nalo. Nilimwuliza kama angeleta la bei ndogo wangenunua. Alinitazama kama mtazamwavyo mtu asiyepata kulea. "Mzee wangu, mimi nikiwa na watoto wanne ninunue mchezo wa watu wawili? Wale wawili wengine nitawafanya nini?" Ludo, alisema, ina rangi nne, kila mtoto na rangi yake, na mdogo kabisa aweza kumshinda mkubwa kwa bahati ya dadu, ndiyo maana hawachoki. Akaongeza kwamba siku alizowahi kuuza bao, wanunuzi walikuwa wazee na Wazungu. Wazee walitaka kubwa kuliko alilo nalo. Wazungu walitaka linaloingia kwenye begi.

Nakiri kwamba katika dakika tano alinifundisha zaidi ya kurasa kumi na nne nilizozitafsiri. Familia hainunui bei. Hununua idadi ya nafasi za kukaa. Hata meza za puli zilizotapakaa katika mabaa yetu, Bukoba mpaka Muleba, sijapata kuona mtu akiinunua moja kwa ajili ya wanawe, na si ughali peke yake. Puli ina harufu ya mahali ilipokulia. Simu ndiyo iliyoingia kila nyumba. Nayo hukalisha kila mmoja katika kona yake.

Pamoja na hayo nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Nikashuka Muleba kwa basi dogo, nikamwendea fundi seremala atengenezaye vitanda, vigoda na majeneza. Nikamwomba bao. Akaniambia mti mgumu haupatikani kwa fedha zangu. Angetumia musizi, ambao ni mwepesi, hukua upesi na hukubali patasi. Alitaka 25,000, tukapatana 18,000, bei ambayo haikufika ya jogoo mnono. Baada ya siku nne nikalikuta tayari, jeupe, likinuka ubichi, naweza kulibeba kwapani. Mashimo yalikuwa ya kina kifupi, na yote 32 yalikuwa ya duara. Nilikuwa nimesahau kumwambia habari za Unguja. Nikamwuliza, ili nimtanie, mbona hakuchonga nyumba. Akafuta jasho, akajibu, "Mzee, bao lina mashimo. Nyumba ni ya watu."

Nikalipeleka Nshamba.

Dada yangu sasa yumo katika miaka ya sitini na ushei. Analea wajukuu watano, wawili kati yao wakiwa wa mwanawe aliyefariki. Alilipokea bao kwa mikono miwili kama ilivyo desturi, akasema, "Asante, waitu," akaliegemeza ukutani nyuma ya mlango pamoja na kopo la komwe. Tukala ndizi na maharage. Hakuna aliyelitazama. Nilipanda gari nikijiambia kwamba yule mama wa sokoni alikuwa amesema kweli, na kwamba nilikuwa nimemletea dada fidia ya shilingi 18,000 kwa kitu kisicho na bei, naye ameiona hivyo.

Niliporudi baada ya wiki tatu, nililikuta uani. Mtoto wa miaka minne alikuwa amelifunga kamba akaliburura kama gari, na dereva wake alikuwa paka. Wiki iliyofuata lilikuwa na kazi nyingine: mashimo ya safu moja yalikuwa na maharage mazima, ya safu nyingine yaliyotobolewa na wadudu, na msichana mkubwa alikuwa akiyachambua. Ufa ulikwisha kuanza kwenye pembe. Kwa mara ya kwanza niliona uchungu, kisha nikauonea haya, kwa sababu nilikumbuka kwamba bao la baba halikupata kuburutwa na mtu yeyote. Lilikuwa zima kabisa siku nilipoliuza. Halikuwa na alama hata moja ya mkono wa mama yangu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wa pinboli, kama wamepata kufika Nshamba. Wanasema kilicho rahisi kinavutia kwa kuwa kinapunguza gharama. Kwa nilivyoona, kilicho rahisi kinaingia nyumbani kwa sababu hakuna anayekilinda. Kinaweza kuwa gari, kikawa chungio, kikaachwa mvuani, na siku moja, bila mtu kutangaza, kikawa mchezo. Na chaweza pia kuishia kuwa kuni. Sitaki kuficha upande huo: bao la musizi halitarithiwa. Nikifa halitaonekana, na hakuna atakayetaka kulinunua.

Mwezi Novemba, msimu wa senene, nilifika jioni mvua ikinyesha. Watoto walikuwa ukumbini, bao sakafuni. Msichana mkubwa, aliye kidato cha kwanza, alicheza na mdogo wake wa miaka tisa; wengine wawili walikuwa wamelala kifudifudi kila upande, nao walikuwa wamepewa kazi: mmoja alikuwa mweka hazina wa kete zilizoliwa, na mwingine hakimu. Kwa hiyo walikuwa wameutatua ule mtihani wa mama wa sokoni bila kumwuliza. Kila shimo lilianza na kete mbili, kama uani kule Unguja, ingawa sikuwa nimewafundisha. Nadhani ndivyo mtu afanyavyo akipewa kete 64 na mashimo 32. Kwa kuwa mashimo yalikuwa mafupi, kete ziliruka nje kila walipotia kwa nguvu, na walikwisha kutunga sheria juu ya kete iliyoruka: ni ya anayeikamata.

Nilikuwa nikivua viatu niliposikia sauti ya dada kutoka jikoni, naye hata hakuwa anaona ubao, alikuwa akisikiliza tu mlio wa kete: "Umezidisha moja. Rudisha." Msichana akarudisha.

Nikaenda hadi mlango wa jiko. Nikamwuliza, "Dada, ulijifunza lini?"

Alikuwa akikaanga senene, na hakugeuka. "Nilikuwa nawaletea lubisi kila jioni kwa miaka minane. Mlidhani nilikuwa naangalia kibuyu?"

Baada ya chakula aliwaondoa watoto, akakaa chini, akakunja miguu kando kama wakaavyo wanawake wa kwetu, vidole vyake vikiwa bado na weusi wa utomvu wa ndizi. Akasema tucheze kwa kupanga, kama wazee. Mimi nikazipanga zangu. Nilipoinua macho kutazama upande wake, nilikuta pembe ya kushoto imerundikwa, na katikati ya safu ya nyuma mashimo mawili matupu. Alikuwa ameupanga mpango wa baba, kete kwa kete. Sikuwa nimeuona tangu mwaka 1994.

Alinila mara mbili. Mara ya tatu alinihurumia, nikaona kwamba ananihurumia.

Katikati ya mchezo wa tatu nikasema kile ambacho nilikuwa nimekuja kukisema kwa mwaka mzima, labda kwa miaka ishirini na zaidi: kwamba lile sikupaswa kuliuza, na hasa si bila yeye. Alitia kete zake mpaka mwisho, akatulia. "Lile," akasema, "nisingelicheza hata usingeliuza. Lingekaa pale pembeni na mimi ningelipita." Nikapata kupumua. Nilikuwa nataka kuyafanya maneno yale kuwa msamaha, nikaanza na kumjibu kwamba basi pengine ilikuwa heri, lakini akanikatiza kwa kuinua kiganja.

"Ila ningelipanguza," akasema. "Kila Jumamosi ningelipanguza."

Mvua ilikuwa imepungua, na wale watoto wakarudi mlangoni, wakisema zamu yao imefika na bibi amekaa sana. Dada akaniachia nimsaidie kuinuka. Mdogo kabisa, mwenye lile gari, alikuwa akizihesabu komwe kwa kuzirudisha kwenye kopo, na hesabu yake ilikuwa ya kweli, kwa kuwa niliirudia: 61. Tukatafuta chini ya viti na nyuma ya mlango, hatukuziona. Msichana akaenda jikoni akaleta maharage matatu.